Tupime uimara wa Sumbawanga kwa hesabu ya siku

SIFA zote njema anastahiki Allah (S.W.), Mola Mlezi wa viumbe vyote, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake.

Ama baada ya hayo, ndugu zetu wa Sumbawanga na wa Ufipa nzima, Ijumaa ya leo tunapenda kulizungumza jambo ambalo si mara nyingi hupata nafasi katika ukurasa huu. Nalo ni uimara wa mji: barabara zake, maji yake, umeme wake, hospitali, shule na minara ya simu, vitu ambavyo hakuna anayevikumbuka vikiwepo, na ambavyo nyumba nzima huvilalamikia vikikosekana kwa saa mbili. Swali letu ni hili. Likitufika janga kubwa, mji wetu utaanguka kwa kiasi gani, na utachukua siku ngapi kusimama tena? Na je, yupo anayeziandika siku hizo?

Wazee wa Kifipa wanatueleza kwamba maana ya jina Sumbawanga ni "tupa uchawi". Aliyetaka kuingia hapa alitakiwa auache uchawi wake nje ya mji. Kwa bahati mbaya sifa iliyoenea nchini imekuwa kinyume chake, kiasi kwamba radi ikimpiga mtu Rukwa, habari yake ikifika Dar es Salaam imeshageuka kuwa kisa cha mganga. Hali ya kuwa uwanda wa Ufipa uko juu, kiasi cha mita 1,800 kutoka usawa wa bahari, katikati ya bonde la Ziwa Tanganyika na bonde la Ziwa Rukwa, na mvua zake huja na ngurumo nyingi. Radi hupiga mahali kama hapa kwa sababu zinazojulikana, na kinga yake ni chuma kilichosimikwa juu ya paa na kushushwa ardhini kwa waya. Shule zenye kinga hiyo na shule zisizokuwa nayo zinaweza kuhesabiwa katika wiki moja. Kuhesabu namna hiyo ndiko sisi tunakokuita kutupa uchawi.

Lakini radi ni janga la mtu mmoja mmoja na darasa moja moja. Liko kubwa kuliko hilo, nalo limo ndani ya ardhi tunayoikanyaga.

Tarehe 13 Desemba 1910, zama za Wajerumani, eneo la Rukwa lilipigwa na tetemeko la ardhi ambalo wataalamu wamelikadiria kuwa na ukubwa wa takriban 7.4. Ni miongoni mwa matetemeko makubwa kabisa ya Afrika Mashariki katika karne nzima ya 20. Wanajiolojia wameufuatilia ufa uitwao Kanda, unaopita juu ya uwanda karibu na mji wa Sumbawanga, na baadhi yao wanalihusisha tetemeko lile na ufa huo. Wakati ule boma la Wajerumani lilikuwa Bismarckburg, yaani Kasanga, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika. Sumbawanga haikuwa na bomba, wala nguzo ya umeme, wala ghorofa. Leo hali ni nyingine. Sensa ya mwaka 2012 iliwahesabu wakazi wa Manispaa kuwa 209,793, na ile ya mwaka 2022 ilikuta wamepita laki tatu. Nyumba ya miti na nyasi ikitikiswa humwangushia mtu nyasi. Nyumba ya matofali ya kuchoma yaliyopangwa kwa udongo, isiyokuwa na nguzo wala linta ya zege, humwangushia ukuta.

Wala mtu asidhani kwamba ardhi ililala baada ya hapo. Agosti 1994 eneo la Rukwa lilitikiswa tena kwa tetemeko la 5.9. Tarehe 5 Desemba 2005 likaja la 6.8 chini ya Ziwa Tanganyika, likazitikisa pande zote mbili za ziwa na kuua watu upande wa Kongo. Hayo ni madogo kwa lile la 1910, na ufa haujahama.

Hapa pana jambo tunalotaka kulisema mapema, kwa sababu tunajua litakuja kusemwa na wengine kwa njia mbaya. Ukiihesabu kalenda, tetemeko la 1910 liliangukia siku za Idi ya Kuchinja ya mwaka 1328 Hijria. Na tetemeko la Bukoba la tarehe 10 Septemba 2016 lilitokea siku mbili kabla ya Idi hiyo hiyo. Yuko atakayeshika habari hii na kuifanya ndege mbaya ya mwezi wa Mfunguo Tatu. La hasha! Siku aliyofariki Ibrahim, mtoto wa Mtume (S.A.W.), jua lilipatwa, na watu wakaanza kusema kwamba limepatwa kwa ajili ya msiba ule. Mtume (S.A.W.), naye akiwa baba mwenye majonzi, aliwakataza, akawafundisha kwamba jua na mwezi havipatwi kwa kufa wala kuzaliwa kwa mtu. Ikiwa siku ile haikufaa kuitazamia ishara, basi na kalenda ya matetemeko haifai. Mwenye kalamu aandike alichokipima.

Na kupima kwenyewe hukosewa. Watu wengi wakisikia tetemeko huuliza lilikuwa la ngapi, wakadhani namba hiyo imekwisha kuwaeleza yaliyoupata mji. Tarehe 29 Februari 1960, usiku, mwanzoni mwa mwezi wa Ramadhani, mji wa Agadir nchini Morocco ulipigwa na tetemeko ambalo ukubwa wake haukufika 6. Walikufa watu wasiopungua 12,000, karibu theluthi ya wakazi wa mji. Tetemeko la Bukoba lilikuwa la 5.9, yaani ukubwa unaokaribiana sana na ule wa Agadir, nalo liliua watu 17, likajeruhi mamia na kubomoa maelfu ya nyumba. Kwa nini tofauti iwe kubwa hivyo? La Agadir lilitokea kina kifupi chini ya mji wenyewe, usiku, watu wakiwa ndani, na majengo yake yalikuwa ya mawe ya kuunganisha kwa udongo, na mengine ya zege lenye nondo haba. La Bukoba lilikuwa na kina kirefu zaidi na lilikuja mchana wa Jumamosi. Namba ya tetemeko hupima ardhi. Mji unahitaji kipimo chake wenyewe.

Kipimo hicho kipo, na si kigumu hata mwanafunzi wa darasa la saba asikielewe. Mwaka 2003 kundi la wahandisi likiongozwa na Michel Bruneau lilipendekeza kwamba uimara wa mji utazamwe kama mstari. Chora mstari ulionyooka: hiyo ni huduma ya maji siku za kawaida, asilimia 100. Janga likifika, mstari unaporomoka, tuseme hadi 40. Kisha unaanza kupanda, leo mtaa huu umepata maji, kesho ule, mpaka unarudi ulipokuwa. Pengo lililobaki kati ya mstari wa kawaida na mstari ulioporomoka ndiyo hasara ya mji. Mji unaoanguka kidogo na kuinuka upesi una pengo jembamba. Mji unaoanguka sana na kujikongoja una pengo pana, hata kama siku ya ufunguzi wa mradi wake walikuja mawaziri watatu.

Umoja wa Mataifa nao, kupitia ofisi yake ya kupunguza maafa, ulitoa mwaka 2014 karatasi ya alama kwa ajili ya miji, na ukaisahihisha mwaka 2017 ili ilingane na Mpango wa Sendai uliopitishwa Japani mwezi Machi 2015. Ndani ya karatasi hiyo imo hesabu moja tunayoipenda kwa wepesi wake. Chukua idadi ya siku ambazo huduma itakosekana, uizidishe kwa asilimia ya wateja watakaoikosa. Tutoe mfano wa kubuni. Robo ya wateja wa maji wakikosa maji kwa siku 2, jawabu ni asilimia 50, yaani ni sawa na mji mzima kukaa nusu siku bila maji. Wateja wote wakikosa kwa siku 6, jawabu ni asilimia 600. Mwaka huu ukiwa na 600 na mwaka ujao ukawa na 200 kwa mvua za kiasi kile kile, umeimarika. Ukiwa na 900, basi lolote lililojengwa katikati halikujengwa mahali panapostahili.

Hata hivyo tuna nyongeza mbili juu ya hesabu hiyo ya wakubwa. Ya kwanza, inahesabu wateja, na mteja ni mwenye mita. Mama anayeteka maji kwa jirani kwa ndoo hana mita, kwa hiyo katika karatasi hiyo shida yake haionekani. Ufipa tuhesabu kaya, si mita. Ya pili, asilimia haitofautishi mahali na mahali. Saa sita za giza katika baa na saa sita za giza katika wodi ya wazazi huingia kwenye jumla kwa uzito mmoja. Hilo akili haikubali, na sheria yetu inayotanguliza kulinda uhai hailikubali pia. Hospitali iwe na daftari lake peke yake.

Sasa tuutazame mji wetu kwa jicho hilo.

Wenye umri wa kutosha wanaikumbuka barabara ya Tunduma ilivyokuwa kabla ya lami. Masika malori yalilala njiani, na mahindi ya Ufipa yakakosa mnunuzi hali ya kuwa mikoa mingine ina njaa. Lami ilikuja kwa mkataba uliotiwa saini Februari 2008 kati ya Tanzania na mfuko wa Milenia wa Marekani, MCC, na ni zaidi ya kilomita 220 kutoka Tunduma hadi hapa. Baadaye upande wa kaskazini nao, kupitia Kizi na Kibaoni hadi Mpanda, ukawekewa lami. Kwa lugha ya wapimaji, mji uliokuwa na mlango mmoja ukapata wa pili. Jambo hili ni kubwa kuliko mwendo wa mabasi ambao ndio watu huusifia. Lori likizuiwa kusini, laweza kuzunguka kaskazini, hata kama safari ni ndefu na mafuta ni ghali.

Lakini lami siyo uimara. Mwezi Mei 2024 mvua zilizoambatana na Kimbunga Hidaya ziliikata barabara kuu ya kwenda kusini maeneo ya Somanga, na mikoa ya Lindi na Mtwara ikatengana na Dar es Salaam kwa siku kadhaa. Barabara ile ilikuwa ya lami. Kilichoshindwa ni pale maji yanapovuka: daraja, kalavati, tuta. Kwa hiyo anayetaka kujua barabara ya Tunduma itadumu vipi asihesabu kilomita za lami. Ahesabu makalavati, aulize ni mangapi yamezibwa na mchanga na nyasi, na ni lini mara ya mwisho yalizibuliwa. Hali kadhalika barabara zinazoteremka Lyamba lya Mfipa kwenda vijiji vya bonde la Rukwa, kama ile ya Ntendo hadi Muze. Jiwe moja kubwa likiporomoka kwenye mteremko ule, mgonjwa wa bondeni hana njia ya karibu ya kufika hospitali ya mkoa.

Katika habari ya umeme tunaomba wasomaji watuvumilie kidogo, maana ndipo penye somo refu zaidi. Kwa miaka mingi Rukwa haikuungwa na gridi ya Taifa. Umeme wake ulitoka Zambia kupitia Mbala, ukisaidiwa na mashine za dizeli. Tuliishi na waya mmoja uliovuka mpaka, na kila uliposhindwa tulitazamana. Februari 2024 Serikali ya Zambia ilitangaza ukame kuwa janga la kitaifa. Maji ya bwawa la Kariba yalipungua na nchi ile ikaingia katika mgao mkali. Kariba ni mbali na Sumbawanga. Hata hivyo, mtu yeyote aliyetegemea waya wa Mbala alikuwa na haki ya kuingiwa na wasiwasi, kwa kuwa mvua iliyokosekana katika Mto Zambezi ingeweza kuizima taa ya nyumbani kwake. Ndiyo maana mradi wa njia kubwa ya kilovolti 400, kutoka Iringa kupitia Mbeya na Tunduma hadi Sumbawanga, una maana kwetu kuliko namba za fedha zinazotajwa. Ni waya wa pili.

Na hapa historia yetu ina jambo la kutuambia. Mwaka wa 18 Hijria, unaojulikana kama mwaka wa Ramada, Hijazi ilipatwa na ukame mkali. Sayyidna Umar bin Khattab (R.A.) aliwaandikia magavana wake wa Sham, Iraki na Misri walete chakula, nao wakaleta kwa misafara ya ngamia. Msiba ukapita. Watawala wengi wangeishia hapo, wakashukuru na kusahau. Wanahistoria wanaeleza kwamba Umar hakuishia hapo. Alimwagiza Amr bin Al-As aufukue upya mfereji wa kale uliounganisha Mto Nile na Bahari ya Sham, na nafaka ya Misri ikaanza kufika Hijazi kwa majahazi. Misafara ya ngamia ilikuwepo bado. Alichokitaka ni njia ya pili, na aliitafuta baada ya njaa kwisha, wakati ambao hakuna aliyekuwa akilia mlangoni kwake.

Tuulize basi kuhusu waya wetu wa pili yale ambayo Umar angeyauliza. Je, nyaya zote mbili zitaingia mjini kupitia kituo kimoja cha kupozea umeme? Zikiwa zinaingia mahali pamoja, na mahali pale pakapata ufa wa ardhi, basi tuna nyaya mbili katika vitabu na mmoja katika uhai. Je, transfoma ya akiba ipo hapa hapa, au itatoka Mbeya baada ya barabara kufunguliwa? Haya si maswali ya kumkomoa mhandisi. Mhandisi mwema hufurahi kuulizwa.

Akina mama wanajua umeme ukikatika kinachofuata, pengine kuliko wahandisi. Mashine ya kusaga inasimama. Ufipa ni ghala la mahindi; mtu anaweza kuwa na magunia kumi ndani na asiwe na unga wa kusonga ugali wa usiku mmoja. Siku ya pili pampu ya maji inakosa nguvu, na tangi lililokuwa likijazwa usiku halijai. Siku ya tatu betri za minara ya simu zinachoka, na pesa iliyotumwa na kijana aliyeko Mbeya haitoki kwa wakala. Hakuna ukuta ulioanguka, hakuna maiti, redio haikutangaza janga, na familia imekwisha kuvurugika. Ndiyo sababu hesabu ya siku ni bora kuliko hesabu ya majengo yaliyobomoka. Inamwona hata huyu.

Kinu na mchi, na jiwe la kusagia lililoko nyuma ya nyumba ya bibi kijijini, wapimaji wangeviita akiba. Vijana wetu huvicheka.

Kuhusu maji hatutasema mengi. Msitu wa Mbizi ulio juu ya mji ni chanzo chake, na kila moto unaowashwa ovyo huko ni siku zinazoongezwa kwenye daftari la kiangazi. Na milima iliyo juu ya mji hudai kutazamwa pia masika. Tarehe 3 Desemba 2023 matope na mawe kutoka Mlima Hanang yaliufunika mji wa Katesh na vijiji vya jirani, watu zaidi ya 80 wakafariki. Kujenga juu ya mkondo wa maji wa zamani, eti kwa kuwa haujapitisha maji miaka ishirini, ni kumkopesha mtu asiyesahau deni.

Ghala la mahindi limetajwa. Tuseme neno lake. Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula ana kanda yake hapa Sumbawanga, na vihenge vya kisasa vimejengwa. Kila Mwislamu anaijua habari ya Nabii Yusuf (A.S.) na miaka saba ya neema na saba ya dhiki, tena kwa ufundi wake wote: nafaka iachwe katika masuke, iliwe kidogo, ibaki ya kutosha. Tunaloliongeza ni kwamba kihenge kilichojaa na barabara iliyokatika ni njaa kwa wengine. Mikoa inayokula mahindi ya Ufipa ina haki ya kuuliza habari za makalavati yetu. Uimara wa Sumbawanga si wa Sumbawanga peke yake.

Lipo suala ambalo wapimaji wengi hulikwepa, nalo ni kuinuka kwa nani? Turudi Bukoba. Baada ya tetemeko la 2016, shule za sekondari za Ihungo na Nyakato zilizoharibika vibaya zilijengwa upya. Michango ilikusanywa nchi nzima. Kisha Serikali ikaeleza kwamba michango ile inaelekezwa kwenye miundombinu ya umma, na kwamba mwananchi ajijengee nyumba yake. Uamuzi ule ulizua mjadala mkubwa, na sisi hatuufufui ili kumlaumu mtu. Tunaona kila upande ulikuwa na hoja: shule ni ya watoto wa wote, na Serikali haina mfuko usio na mwisho. Lakini tazama maana yake katika daftari. Mstari wa shule ulirudi ukafika 100. Mstari wa mjane mwenye nyumba ya vyumba viwili uliachwa upande wenyewe, kwa mkopo wa jirani na tofali moja moja. Ukijumlisha mistari hiyo miwili na kuigawa kwa mbili utapata wastani mzuri ambao hautamkinga mtu yeyote na mvua.

Kwa hiyo tunapendekeza madaftari mawili, la huduma za umma na la nyumba za watu. Na hili la pili si la Serikali peke yake. Tumezoea kuchanga kwa ajili ya kujenga msikiti, na ni jambo la kheri kubwa. Tungependa pia kuona wakfu wa linta: mfuko mdogo wa kumsaidia yatima, mjane au mzee kutia nondo na mkanda wa zege juu ya madirisha kabla ukuta haujafika kwenye paa. Fundi yeyote wa Sumbawanga anajua kazi hiyo ni ya siku chache. Gharama yake wakati wa kujenga ni sehemu ndogo ya nyumba. Baada ya tetemeko, ni nyumba nzima na pengine na aliyemo.

Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 imeweka kamati za maafa kuanzia Taifa mpaka chini kabisa katika vijiji na mitaa. Ombi letu kwa kamati hizo ni dogo. Kila huduma inapokatika, iandikwe siku na saa ilipokatika, ni kaya ngapi zilizokosa, na siku na saa iliporudi. Kila mwisho wa masika karatasi hiyo ibandikwe kwenye ubao wa mtaa, penye macho ya watu. Hakuna mtambo unaohitajika. Mwenyekiti wa mtaa, daftari la kurasa mia mbili na kalamu vinatosha. Baada ya miaka mitatu mji utakuwa na elimu juu ya nafsi yake ambayo mshauri wa kukodiwa kutoka mbali hawezi kuiuza. Tunafahamu yapo mashaka: mtendaji ataogopa kuandika siku nyingi zisije zikamponza. Basi wakubwa wake wamhakikishie kwamba anayeandika siku 9 kwa ukweli ni bora kuliko anayeandika 2 kwa uongo, na wamkaripie wa pili.

Mawaidha ya kumfunga ngamia kwanza ndipo umtegemee Mola yamesikika katika hotuba nyingi za Ijumaa, na ni mafunzo ya Mtume wetu (S.A.W.). Ni wachache wanaouliza urefu wa kamba.

Tuanze na misikiti yetu, maana hapo hatuhitaji kibali cha mtu. Wanavyuoni wanatufahamisha kwamba Mtume (S.A.W.) alikuwa akitawadha kwa mudi moja ya maji, kipimo ambacho hakifiki lita moja. Sisi tukifungua bomba, mtu mmoja humaliza lita tano bila kujua. Tangi la lita 5,000 kwa mwendo wa bomba linatawadhisha watu 1,000. Kwa kopo na kwa Sunna, zaidi ya 5,000. Tofauti hiyo, kwa msikiti wenye watu 200 kila swala, swala tano kwa siku, na kila mmoja akitawadha kwa kila swala, ni siku moja dhidi ya siku tano na zaidi. Na majirani wakija na ndoo zao, kama watakavyokuja siku ya shida, Waislamu na wasio Waislamu, hesabu inabadilika tena. Baada ya swala ya leo kamati ya kila msikiti imtume kijana mmoja apande juu ya tangi na kijiti, aangalie limejaa kiasi gani na kama lina ufa, kisha aandike tarehe.

Wabillahi tawfiq.